Waya Hauna Akili: Jinsi ya Kujitengenezea Waya wa Kuchajia Betri

Najua umefungua jarida hili ukitarajia mashairi, vitendawili na insha za kusisimua, na badala yake unakutana na waya. Usifunue ukurasa mwingine kwanza. Mhariri wetu alipotangaza kwamba anataka angalau makala moja ya sayansi kwa Kiswahili, kuna jamaa wa kidato cha nne aliyecheka akasema ati fizikia haisemeki kwa lugha hii. Mimi nasema inasemeka, tena bila shida. Mkondo, chanya, hasi, volti, ampea, ukinzani: maneno yote yapo, ni sisi tunaoyaacha yakipata kutu. Na kwa wale wanaosahau kila mara upande upi wa betri ni upi, mto unaopita kando ya mji wetu wa Nyeri unaitwa Chania, na kati ya Chania na chanya kuna tofauti ya herufi moja tu. Kumbuka mto, utakumbuka mkondo unatokea wapi.

Sasa tuingie kwenye kiini. Klabu yetu ya sayansi ina kigari kidogo cha maonyesho. Kazi yake ni kupandisha kikopo cha kahawa kwenye mteremko wa ubao, kwa sababu yeyote aliyewahi kubeba gunia la kahawa mbichi kutoka shambani hadi kiwandani, hapa kwetu au kule Othaya na Karatina, anajua mlima unavyoumiza mgongo. Kigari hicho kinatumia furushi la betri sita ndogo zilizofungwa pamoja kwa plastiki. Chaja tulikuwa nayo, furushi tulikuwa nalo. Kilichokosekana ni waya wa kuviunganisha. Chaja ina matundu mawili ya mviringo, moja jekundu na jingine jeusi, na furushi lina plagi yake ndogo nyeupe. Vitu hivyo viwili havijuani kabisa. Waya ulio tayari unapatikana Nairobi, barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vifaa vya elektroniki yamebanana kama meno. Lakini kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na nauli ya kwenda na kurudi ingemeza bei ya waya mara kadhaa. Tukaamua kuutengeneza wenyewe.

Nianze na betri, kwa maana ukikosea hapo hata waya mzuri wa namna gani hautakusaidia. Yale mawe ya redio tunayonunua dukani yana volti 1.5 kila moja, na hayachajiwi. Yakiisha yameisha. Ukiyalazimisha yatavuja, na yanaweza hata kupasuka. Betri zetu ni za aina ya nikeli, ambazo zimetengenezwa ili zichajiwe tena na tena, na kila moja ina volti 1.2. Sita zikipangwa kwa mstari, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile, unapata volti 7.2. Juu ya furushi pameandikwa 2000 mAh, yaani linaweza kutoa ampea 2 kwa muda wa saa moja, au ampea 1 kwa saa mbili. Ukitaka kulichaji polepole kabisa, unalipa moja ya kumi ya kiasi hicho, ampea 0.2, kwa saa 14 hadi 16. Usiulize mbona si saa kumi: sehemu ya stima hupotea njiani ikawa joto. Sisi tunachaji kwa ampea 2, kwa sababu chaja yetu inajua kujizima betri ikijaa na furushi letu linaruhusu kasi hiyo. Lako kama haliruhusu, nenda polepole.

Waya wa kuchajia ni nini basi? Ni nyaya mbili tu. Moja inapeleka, nyingine inarudisha. Hauna kifaa chochote ndani yake, hauna akili. Hautambui kama umeufunga kinyume, hautambui kama betri imejaa, hautambui kama ni betri ya nikeli au ya risasi au ya lithiamu. Utapitisha chochote utakachoupa. Kwa hiyo akili yote inayohitajika lazima iwekwe na yule anayeutengeneza, kabla ya kuutia kwenye chaja, na ndiyo maana kitu kidogo hivi kimenifanya niandike kurasa nzima.

Tulipokwenda mjini kutafuta vifaa, tulipita kwa fundi mmoja wa simu na redio ambaye ana kibanda karibu na stendi ya magari. Mwenzangu alikuwa amebeba waya mwembamba aliouchomoa katika kifaa cha kusikilizia muziki. Mzee yule aliushika, akaukunja kidole, akatabasamu.

"Kijana wangu, huu ni wa kupeleka nyimbo masikioni. Mnataka kupitisha ampea ngapi?"

"Mbili, fundi."

"Mbili! Basi utakaanga mayai hapa."

Alikuwa anatia chumvi, lakini si sana. Hebu tufanye hesabu, maana Mwalimu wa fizikia atasoma ukurasa huu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa kama ohmu 0.017 kwa kila mita. Waya wetu una urefu wa nusu mita, kwenda na kurudi ni mita moja. Ampea 2 zikipita, tunapoteza volti 0.034. Hiyo si hoja. Chukua sasa waya mwembamba wa milimita mraba 0.1. Ukinzani unapanda mara kumi, ohmu 0.17, na tunapoteza volti 0.34. Joto linalobaki katika waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 2 mara 2 mara 0.17, jumla wati 0.68. Mayai hayataiva, ila waya utapata joto unalolihisi kwa vidole, na pale ulipounganishwa vibaya joto litakusanyika mahali pamoja. Isitoshe, chaja inapima volti kupitia waya uo huo. Ukila volti njiani, chaja itadhani betri ina nguvu kuliko ilivyo. Kwa hiyo waya uwe mnene kiasi na uwe mfupi. Sioni faida ya waya wa mita mbili labda kama unataka watu waukanyage.

Jambo jingine ambalo fundi alitufunza ni kuchagua waya wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Ule wa kutandika ndani ya ukuta wa nyumba una uzi mmoja mgumu. Ukutani hauchezi, kwa hiyo unadumu. Waya wa chaja unakunjwa kila siku, na uzi mmoja ukikunjwa mara nyingi hukatika ndani ya ngozi bila wewe kuona. Tukanunua nusu mita ya rangi nyekundu na nusu mita ya nyeusi. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Tafadhali msitumie nyeusi mbili kwa sababu zilikuwa rahisi kupatikana. Rangi ndiyo akili ya pekee ambayo waya unaweza kubeba.

Vifaa vingine: pini mbili za kuingia katika matundu ya chaja, plagi ndogo inayolingana na ile ya furushi, fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake, chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemu, na tepu nyeusi. Mrija ule unaosinyaa ukipashwa moto ni mzuri zaidi ya tepu, ukiupata. Kumbuka tu kuuvisha kwenye waya kabla ya kulehemu. Kila mtu husahau, halafu hubaki akiutazama mrija mezani na waya uliokwisha kufungwa pande zote mbili.

Kuna plagi moja ambayo siitaki katika kazi hii hata kama ni ya bure, nayo ni ile ya pini tatu ya ukutani. Nimeona watu wakiitumia kuunganisha betri za nyumbani kwa sababu iko kila duka na inashika vizuri. Fikiria kitakachotokea siku ambayo mdogo wako, au shangazi aliyekuja kuwatembelea, ataiona plagi hiyo inaning'inia na kuichomeka mahali ambapo plagi za namna hiyo huchomekwa. Ukutani mna volti 240. Maji ya Mlima Kenya na ya Nyandarua yanateremka hadi mto Tana, yanazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanarudi kwetu yakiwa stima, na yote hayo unayaelekeza ndani ya betri ya volti 12. Betri inaweza kulipuka, na aliyeishika plagi yuko hatarini. Plagi ya betri isifanane kabisa na plagi ya ukutani. Nikiwa na uwezo ningeandika sentensi hiyo kwa rangi nyekundu.

Haya, tulehemu. Menya milimita 5 au 6 za ngozi ya waya. Sokota nyuzi ziwe kitu kimoja. Pasha waya moto kwa chuma, kisha uguse waya huo kwa risasi, si chuma. Risasi ikiyeyuka na kunywewa ndani ya nyuzi kama chai ndani ya mkate, waya uko tayari. Fanya vivyo hivyo kwa pini, halafu uvikutanishe, upashe kidogo, uondoe chuma na usitikise mpaka kiungo kipoe. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala juu ya chuma kama tone la maji juu ya jani la mgomba lililolowa. Kiungo kibaya ni donge la kijivu. Donge hilo litashika leo na kuachia siku ya mashindano. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Fyuzi inakaa kwenye waya mwekundu, karibu na mwisho wa betri. Mbona karibu na betri na si karibu na chaja? Kwa sababu betri ndiyo inayoweza kuleta balaa. Chaja yetu hutoa ampea chache tu, lakini furushi dogo kama letu, nyaya zake zikigusana, linaweza kumwaga makumi ya ampea kwa mpigo. Waya unaweza kuyeyuka ngozi kabla hujapata muda wa kusema lolote. Fyuzi ikiwa karibu na betri, sehemu yote ya waya iliyobaki inalindwa. Ikiwa kule mbali karibu na chaja, waya ukigusana katikati fyuzi itakaa salama salimini huku waya ukiungua.

Na kama unabadilisha plagi ya betri yenyewe, kata waya mmoja kwanza. Mmoja! Uufunge, uufunike, ndipo ukate wa pili. Mkasi ni chuma. Ukikata zote mbili kwa pamoja, mkasi wenyewe unakuwa daraja kati ya chanya na hasi.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima. Ukiwa na mita, iweke pale inapolia ikipata njia. Gusa mwanzo na mwisho wa waya mwekundu: ilie. Gusa mweusi na mweusi: ilie. Gusa mwekundu na mweusi: inyamaze. Tikisatikisa waya wakati unapima, maana kiungo kibaya hujificha mpaka kitikiswe. Huna mita? Chukua tochi, jiwe moja na balbu yake, uvipange viwe mzunguko, na waya wako uwe sehemu ya mzunguko huo. Balbu ikiwaka, njia ipo. Kisha unganisha betri, chaja ikiwa kando, na upime volti kwenye zile pini, ncha nyekundu ya mita kwenye pini nyekundu. Namba ikija yenyewe, sawa. Ikija na alama ya kutoa mbele yake, nyaya zimebadilishana. Asiye na mita anaweza kutumia taa ndogo ya LED iliyofungwa pamoja na kikinzani cha ohmu 470, kwa sababu taa hiyo huwaka upande mmoja tu. Mguu mrefu ni chanya.

Hapo mwanzo nilitaja kwamba mwisho wa chaja una pini mbili zilizo uchi. Ndizo zinazotupa utaratibu wa kutumia waya huu, na huo utaratibu wengi huudharau. Chomeka pini kwenye chaja kwanza, betri baadaye. Ukimaliza, chomoa betri kwanza, pini baadaye. Ukianza na betri, pini hizo mbili zinabaki hewani zikiwa na nguvu zote za furushi, zinatafuta tu pahali pa kugusana: juu ya meza, juu ya rula ya chuma, juu ya saa yako. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusiandike kanuni hiyo ukutani. Tumeiandika kwenye kipande cha karatasi kilichozungushiwa waya wenyewe, ambako huwezi kuushika bila kuisoma.

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa kidato cha pili: je, tunaweza kuuchajia zile betri za lithiamu tunazozitoa ndani ya kompyuta za mkononi zilizokufa? Jibu langu ni hapana. Kampuni ya Sony ilizitia sokoni betri hizi mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Ni betri za ajabu, ila hazisamehi. Nyingi kati yake hujaa kwenye volti 4.2, na ukizidisha zinaweza kuwaka moto ambao hauzimiki kwa kupuliza. Zikiwa kadhaa zimefungwa pamoja, kila moja inahitaji kuchungwa peke yake kwa nyaya za ziada. Waya wetu wa nyuzi mbili hauna macho ya kuona ipi kati yao imeshiba. Sisi wa kaunti ya Nyeri hatuhitaji kusimuliwa habari za moto shuleni. Septemba 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha Academy, hapa hapa Kieni. Tangu hapo walimu wetu hawataki kitu chochote kinachoweza kuwaka kikaribie vitanda, na mimi niko upande wao kabisa. Kuchaji ni kwenye maabara, juu ya meza isiyo na karatasi, mtu akiwa macho.

Wanaotoka Nanyuki, Naro Moru na vijiji vya juu wameniuliza pia kuhusu betri ya volti 12 ya nyumbani, ile ya pikipiki au ya taa za sola. Mwezi wa Julai ukungu ukikaa kutwa nzima, paneli haifui dafu, na betri inabebwa hadi sokoni kuchajiwa. Waya wa namna hii hii unafaa, ukibadilisha plagi ndogo na kuweka vibanio viwili vyenye meno. Hakikisha chaja imewekwa kwenye aina ya risasi, si nikeli. Betri hiyo ina vyumba sita vya kama volti 2 kila kimoja, na chaja huipandisha hadi volti 14.4 hivi. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo iwe mbali na jiko la cucu, na dirisha liwe wazi. Na isiachwe wiki nyingi ikiwa tupu. Ndani yake hujengeka ukoko mweupe juu ya bamba za risasi, na betri hufa ingali changa. Nadhani betri nyingi za kwetu huuawa na njaa kuliko uzee.

Ikifa, usiipasue kutafuta risasi ya kuuza. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mama aliyepigania haki yao, Phyllis Omido, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Irudishe betri nzima nzima kwa muuzaji.

Waya wa klabu unaning'inia kwenye msumari katika maabara ya fizikia, kando ya kabati la vioo. Karatasi yake imeandikwa: volti 7.2, nikeli, ampea 2, fyuzi 5, chaja kwanza betri baadaye. Anayetaka kuutumia aandike jina katika daftari la klabu, na kabla ya kuurudisha aushike kwa vidole pale kwenye viungo. Ukiwa na joto, aniambie.